Mguu wa Kumi na Tisa

Chipu ya kwanza niliiunguza Jumanne,
Katuba, mezani pa mama mkwe, kati ya chumvi na mita.
Haikulia. Ilitoa uzi wa moshi
na harufu ya ukucha uliogusa jiko,
basi.

Namba ilikuwa ileile! Niliisoma mara tatu kwa lenzi:
elfu mbili mia saba kumi na sita,
juu ya ile nzee iliyokufa, na juu ya hii niliyouziwa
na Mwewa wa soko la Kenya, aliyeapa kwa kaburi la shangazi yake.
Miguu ishirini na minne huku, ishirini na minne kule.
Kidirisha cha kioo mgongoni, huku na kule.
Nani angeuliza zaidi?

Lakini sisi habari hii tunaijua. Mapacha wakizaliwa
majina yanawangoja mlangoni: Kyungu, Kabange.
Ita "Kyungu!" barabarani, shule zikifungua milango,
vichwa vinane vitakugeukia
na hakuna hata kimoja kilichokosea.
Viwanda viwili, mbali huko, vilizaa kwa kukaribiana,
vikatoa jina moja bila kuulizana hali,
na faranga nikalipa mimi.

Usiku nikapima soketi tupu, tundu kwa tundu,
kazi ambayo fundi huanza nayo.
Tundu la kumi na tisa: volti kumi na mbili.
La ishirini na moja: tano, ila chini ya sufuri,
kama deni.
Chipu yangu haina deni na mtu. Hula tano tu, mlo mmoja.
Mguu wake wa kumi na tisa ulinyooka kungoja anwani,
chumba gani, mlango gani,
ukamwagiwa maji ya moto.

Bodi ilitoka ofisi ya mizani, chini ya bomba la moshi,
ilikopima malori ya shaba kabla sijazaliwa.
Ukiikwaruza rangi ya kijani, njia zake zinang'aa nyekundu.
Labda ni shaba ya hapa, ilikwenda Ulaya ikarudi imenyooshwa.
Labda siyo. Shaba haitaji kwao.

Chipu ya pili sikuichomeka vivi hivi.
Nilikunja miguu mitatu ikatazama juu, mende aliyepinduliwa:
wa kumi na tisa nikaupeleka kwenye tundu la ishirini,
wa ishirini nikaufunga ardhini,
wa ishirini na moja nikauazimia tano
kutoka kwa jirani yake wa ishirini na nne,
waya zote za simu iliyong'olewa ukutani.
Tundu la kumi na mbili lile, na la deni, nikayaacha na njaa yao.

Bindo akapita na sahani ya bukari, akainama.
"Feza, sasa inafanana na mgonjwa wa Sendwe,
mipira imemtoka kila mahali."
Nikamwambia mgonjwa wa Sendwe bado anapumua, wewe kaa upande.

Saa nane usiku nikabonyeza.
Kioo kikakohoa, kikatulia,
herufi za kijani zikapanda moja moja kama watu wa zamu:
inauliza, kwa Kifaransa cha adabu,
uzito wa lori.

Nikatazama dirishani, kana kwamba lipo.
Kidole juu ya kitufe, natafuta namba ya kweli ya kuipa,
umeme ukakatika Katuba nzima.