Jua la Kwetu

Nilimpelekea Bibi Tusekile picha ya nyumba yake
kabla msingi haujachimbwa, kule Isyesye.
Ukuta laini kama sabuni mpya,
bati jekundu, nyasi zisizojua ng'ombe.
Akavaa miwani. Akanyamaza.
Kisha: "Hili jua umelitoa wapi?"

Nilikuwa nimeliacha kama lilivyokuja na programu,
jua la watu wa kaskazini ya mbali,
limesimama upande wa Umalila.
"Mwezi wa sita huku linapitia Loleza.
Jikoni kwangu litaingia,
au nitaota moto mchana?"

Nikarudi ofisini. Umeme ukakatika, ukarudi.
Nikaandika: nyuzi nane na ushei, kusini.
Kivuli cha paa kikageuka
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Bado matofali.
Nikaenda kwenye tanuri la Mwasongwe
nikayapiga picha moja moja:
la pembeni, halikuiva, rangi ya ulezi;
la katikati limeungua hadi likawa bluu;
na moja lenye kwato ya mbuzi
aliyepita udongo ukiwa mbichi.
Nikayapanga ukutani bila kuyalinganisha.
Chini, kimo cha goti,
nikarusha tope la Januari.

"Umenichafulia nyumba," akasema, akicheka,
kidole kikiwa kwenye dirisha la jikoni,
pale mwanga ulipolalia sinki.
Hakukiondoa upesi.
Asubuhi ile kulikuwa na baridi.