Meza ya Mvua ya Mawe

Kitangiri, saa tisa na nusu, mabati yakaanza kutukana.
Sisi wa Mwanza mawe tunayajua:
tumejenga juu yake, tunaanika nguo juu yake,
choo cha Mama Holo kimeegemea jiwe linalozidi kanisa.
Lakini haya yalitoka juu,
meupe, ya duara, kama karanga za sukari,
yakadunda uani, yakajaa kwenye ndala,
yakaingia kwenye sufuria la maharage niliyoyasahau nje.

Dakika kumi. Kisha kimya,
kile cha mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.
Ua wote mweupe.
Nyanzobe, miaka minane, kasimama mlangoni:
"Mama, hii ni theluji?"
Nilitaka kusema hapana.
Nikasema, "Leo, ndiyo."

Mimi baridi naijua kwa jina lake la kazini.
Miaka sita nasimama kwenye mstari wa minofu,
buti nyeupe, aproni nyeupe,
barafu ikimwagwa kwa koleo juu ya sangara
hadi vidole visiwe vyangu tena mpaka saa ya chai.
Minofu hufungwa, hupigwa tarehe, hupanda ndege
kwenda kwenye meza nisizozijua,
za watu ambao, nasikia, nje ya madirisha yao
hali kama hii hukaa miezi.
Kwangu weupe ni zamu.
Sijawahi kuupamba.

"Tuandae meza ya theluji," akasema.
Basi tukaandaa.
Shuka la harusi; doa la chai tukalifunika kwa bakuli.
Wali bila hata karoti.
Pamba aliyonitumia mama mkwe kutoka Magu, ya kujazia mto,
tukaichambua, tukaitandaza ukingoni,
Nyanzobe akiipuliza ili ikae kama imeanguka yenyewe.
Mshumaa wa siku za umeme kukatika,
na kuuzunguka, mawe ya mvua, bakuli zima.

Ulikosekana mti.
"Wa huko hauna majani," mtoto akasema, "kitabuni nimeuona."
Nikafunua hotipoti ya mapanki,
nikachagua moja lililokaangwa likakauka,
nikalisimamisha ndani ya wali, mkia juu.
Uti ukawa shina, miiba ikawa matawi.
Hakuna aliyecheka.
Ulikuwa mti.

Simu ikalia.
"Huko imepiga?" Mama mkwe.
"Imepiga."
"Huku pamba imelala yote. Imelala kama walevi.
Jani hata moja, hakuna."
Nikautazama mti wangu.
Nikaitazama pamba ya mwaka jana, ukingoni mwa meza,
nisijue kama niitoe.
"Mnakula nini?" Huuliza hivyo kila siku.
"Wali na mapanki."
"Haya. Kuleni ungali wa moto."

Lushinge aliingia viatu mkononi,
akaitazama meza, akanitazama mimi,
akanawa mara mbili.
Tukala polepole, tukianza na kando,
mti tukauacha mwisho.
Mawe yakapungua kuuzunguka mshumaa,
moja moja, kama wageni wasiopenda kuaga;
maji yakafuata mkunjo wa shuka,
yakalifikia lile doa, yakalikuza.

Jiwe moja, nilikuja kujua, Nyanzobe alilificha
kwenye jokofu la duka la Sospeter,
katikati ya barafu za ubuyu.
"La mwakani," akaniambia,
na bibi yake bado hajapata mbegu nyingine.

Jumatatu nikavaa buti. Koleo likamwaga.
Vidole vikaanza kuniaga, kidogo kwanza.
Kabla hakijaondoka cha shahada
nikaokota kipande kimoja cha barafu,
nikakiweka juu ya mnofu, katikati kabisa,
nikarudi nyuma hatua moja kutazama
kama kimekaa sawa.