Kidole Gumba

Sikonge, chumba cha mwisho, nyuma ya stoo ya vyandarua:
hapo nimefanya kazi miaka saba peke yangu.
Mlangoni waliandika MAZ, rangi ikaisha.
Watu wakaniita Dada wa Kukanda.
Wengine huja na mafuta yao,
ya mawese, ya alizeti,
mmoja alileta ya breki.

Mwaka ule akaletwa Mihayo, mrina asali wa Ipole,
aliyeanguka na mzinga wake mtini.
Mfupa ulishaunga. Mguu haukutaka.
Nikajaribu nilichokijua,
kisha nikarudia nilichokijua.
Usiku nikafungua daftari la chuo,
mchwa wamekula palepale nilipopahitaji.
Ningemuuliza nani?
Daktari alikuwa ananiuliza mimi.

Nyamizi wa Nzega akapiga: "Umelipa ada ya chama?"
Nikacheka. Ada ile ni madebe manne ya mahindi,
na nyumbani nalea watoto wa marehemu dada.
"Chama kitanipa nini? Kofia?"
"Kofia zimeisha," akasema. "Njoo."

Tabora mjini, viti vya plastiki, maandazi ya jana,
wataalamu wa viungo kumi na tisa.
Hotuba ilikuwepo, ndefu kama reli.
Lakini kabla yake, Bwana Ntahondi kutoka Kasulu
alinipa mkono wa salamu,
akauachia taratibu.
"Gumba linakuuma tangu lini?"

Miaka miwili.
Sikuwahi kumwambia mtu.
Nani humuuliza mpishi kama amekula?

Akaketi, akalikunja, akalinyoosha.
"Unasukuma kwa kidole. Sukuma kwa mwili,
nguvu itoke unyayoni."
Wengine wakasogea, kila mtu na gumba lake mkononi,
kama watoto wanaooneshana makovu.
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakusema kwamba kikiwa peke yake,
nacho huvunjika.

Ndipo nikatoa karatasi za Mihayo.
Wa Urambo akasema nyonga. Wa Igunga akasema mgongo.
Wakabishana, chai ikapoa, nusura washikane mashati,
na mimi katikati nasikiliza kama anayesikiliza ngoma ya kwao:
miaka saba sijasikia mtu akigombana
kwa lugha ya kazi yangu.

Ilikuwa nyonga.

Mihayo hakupona kimiujiza.
Anatembea na fimbo, mizinga anatundika mwanawe.
Ila Jumanne moja alipanda ngazi zangu tatu,
akafika juu, akageuka
kutafuta aliyemwona.
Nilimwona.

Barua nilizoandika mimi, nne, sijui ziko droo gani.
Ya chama, yenye muhuri, ilijibiwa:
kitanda cha pili, na fundi rangi.
Mlango sasa unasema FIZIOTHERAPIA,
herufi za mwisho zimebanana kama abiria wa tela,
na watu bado wananiita Dada wa Kukanda.
Haya.

Januari nimelipa tena, nikinung'unika.
Nimesikia kuna kijana mpya Kaliua, yuko peke yake.
Nyamizi akanipa namba: "Mwambie habari za ada."
Nikapiga jioni, akaitika kwa sauti ya mtu aliyesimama tangu asubuhi.
Ada sikuitaja.
Nilimuuliza tu, "Gumba lako linaendeleaje?"

Simu ikanyamaza.
Nikamsikia akivuta kiti.