Taa ya Mtu Aliyepakata Tikiti

Imewaka tangu Oktoba, nyekundu,
pembeni mwa dashibodi:
mtu mdogo ameketi wima,
amepakata kitu cha mviringo kama tikiti.
Kitabu cha gari kinasema ni mfuko wa hewa.
Mimi naona abiria anayengoja kushushwa
na hakuna anayemwambia kituo.

Grimsby, Januari. Saa kumi jioni
na usiku umeshavaa koti.
Ukaguzi wa mwaka ni Alhamisi,
na gari lenye taa hiyo halipiti
hata lingekuwa na breki za malaika.
Bila gari, nani atawafikia wazee wangu sita,
kuwaamsha, kuwaogesha, kuwahesabia vidonge,
kuwaambia leo ni siku gani?

Astra hii ina miaka ishirini na mmoja.
Kutu imeshika milangoni kama ukoko wa wali.

Nilianza na mbinu za wajinga:
kuzima, kuwasha,
kuizaba dashibodi kofi la upole,
kubadilisha fyuzi ambayo haikuwa na hatia.
Mwenzangu kazini akanishauri nibandike utepe mweusi.
Wahenga walituusia juu ya ufa na ukuta;
juu ya utepe walinyamaza,
lakini nadhani najua wangesema nini.

Jirani yangu, Clive Sowerby,
aliyestaafu kwenye majokofu ya samaki,
akatoka na tochi na ushauri, vyote bila kuombwa.
"Chomoa betri kwanza. Spana namba kumi.
Hasi kabla ya chanya.
Kisha ngoja nusu saa, umeme una tabia ya kujificha.
Na waya wa manjano usiuguse kabla."

Basi nikangoja.
Magoti kwenye lami yenye barafu,
kichwa chini ya kiti cha abiria,
tochi mdomoni, mate yakinidondoka kama mtoto anayeota meno.
Huko chini kuna nchi nzima:
peremende iliyoota manyoya,
peni mbili, kibanio cha nywele,
na glavu moja ya sufi,
ya zambarau, ya mkono wa kushoto.

Enid.

Tulikatazwa kuwabeba kwenye magari yetu.
Lakini alitaka kuiona bahari pale Cleethorpes
na mguu wake ulikuwa kwenye plasta, mgumu kama mchi,
nikakisukuma kiti nyuma, nyuma kabisa,
mpaka kitu kikalia *ka!*
na sisi tukacheka, tukadhani ni goti lake.
Alikula chipsi dirisha likiwa wazi.
Akalalamika siki haitoshi.
Maji yalikuwa yamekupwa mbali mno,
tukatazama tope, akasema linapendeza.

Desemba nikatumiwa ujumbe wa ofisi:
Jumatatu usiende nambari kumi na nne.
Usiende. Neno moja,
halina hata jina la mtu ndani yake.

Nusu saa ikatimia.
Plagi ya manjano nikaiona,
imening'inia nusu nje, kama jino la kwanza kulegea.
Nikaisukuma kwa kidole gumba.
*Ka.* Sauti ile ile.
Nikafunga betri, nikazungusha ufunguo,
Clive akishikilia mlango kana kwamba gari lingekimbia.

Taa ikawaka. Haikuzimika.

Akakuna kidevu.
"Waya umepona," akasema, "ila kompyuta bado inakumbuka.
Kosa limekwisha, kumbukumbu haijaambiwa.
Kijana wa gereji ana mashine ya kufuta.
Pauni ishirini na tano."

Jumatano, basi.
Leo nina zamu, na wa kwanza hupenda chai kabla ya habari.
Glavu nimeilaza juu ya dashibodi, kwenye joto,
inatoa harufu ya vumbi na, kwa mbali, siki.
Mtu mdogo bado ameketi na tikiti lake.
Nimempitisha mbele ya nambari kumi na nne, polepole.
Kiti cha abiria sijakirudisha mbele.