Fundo

Miaka ishirini na mitatu kazi yangu ilikuwa kupapasa.
Kitambaa kilipita mezani, taa nyuma yake,
nami kwa kidole hiki cha shahada nikitafuta fundo,
uzi uliokatika, mahali mtambo ulipojikwaa.
Msimamizi Etchart alipenda kusema: Nélida anaona kwa ngozi.

King'ora kililia saa kumi na mbili kasoro robo.
Mji mzima uliamka nacho,
hata asiye na ajira, hata kasisi, hata mbwa.

Kisha ushuru wa forodha ukashuka.
Kule Montevideo waliuandika kama hesabu za shule,
hamsini na tano, arobaini, ishirini.
Sisi hatukuusoma. Tuliuona ghalani:
marobota yetu yakikaa wiki, yakikaa mwezi, yakivaa vumbi.
Zamu ya usiku ikatangulia kuondoka.
Ikafuata idara ya rangi, na kijito,
kilichozoea kuwa chekundu Jumatatu na samawati Alhamisi,
kikawa na rangi ya maji.
Watoto walikwenda kukitazama.

Halafu mimi. Barua ilikosea herufi moja ya jina langu.
Niliirudisha irekebishwe.

Nisiseme uongo, si sote tulioanguka.
Wáshington, fundi wa mitambo, leo anaendesha kreni bandarini,
anapakia sufu mbichi, na mshahara wake umezidi wa zamani.
Binti yangu Lorena anapokea simu za Wahispania
wanaogombea bili ya umeme wa nchi asiyoijua.
Kwenye takwimu, ajira imepona.
Kwenye ukumbi wa kufumia wanalala njiwa.

Jana, dukani kwa Bermúdez, nikakuta sweta.
Sufu yake huenda ni yetu:
hutoka hapa na miiba na samadi,
hurudi na vifungo.
Bei ni nusu ya ile tuliyoshindwa kuipunguza.
Nikaigeuza ndani nje, nikiitafuta aibu yao.

Kwapani, kidole kikasimama.
Fundo. Ila limezikwa na mjuzi,
uzi umerudishwa nyuma mara tatu,
kama Ofelia alivyonifunza, kama nilivyomfunza Zulma.

Kumbe kuna mtu kule.
Amesimama mbele ya taa, zamu haijaisha,
na labda ameshasikia wakinong'ona
juu ya nchi nyingine, yenye vidole vya bei nafuu zaidi.

Fundo nililolibeba moyoni miaka yote
likakosa wa kumfungia.
Kulikuwa na baridi. Nikalipa.