Nyuma Nyeupe

Kibanda changu kinatazamana na ofisi za wilaya, Kasese:
mwavuli mmoja, mashine ya fotokopi inayokohoa,
shuka jeupe nililolipigilia misumari ukutani.
Wanakuja wenye shida ya pasi, ya vitambulisho, ya leseni za pikipiki.
Nawaambia: Usicheke. Masikio yaonekane.
Tazama hapa, si pale.
Kisha nakata nne nne
na kuwakabidhi nyuso zao ndani ya bahasha.

Uso wangu uko Kampala.
Umo katika faili, faili limo katika kabati nisilolijua,
mwaka wa nne huu.

Fomu iliuliza: Uliingia nchini kupitia wapi?
Nikaandika: Mto Lhubiriha.
Mstari ulikuwa mfupi. Haukutosha kusema
kwamba kilikuwa kiangazi, maji yalinikoma magotini,
na ng'ambo mwanamke mmoja aliyekuwa akifua
alinisalimu kwa lugha ya mama yangu.
Akaniuliza jina. Nikamtajia.
Akaangua kicheko, povu hadi viwikoni:
Basi tumeshakuwa wawili!

Jina lenyewe ndilo lililonikwamisha.
Cheti cha ubatizo, Butembo: Kavugho.
Barua ya mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri: Kabugho.
"Mama, hawa ni watu wawili," akasema ofisa,
kijana mpole, chai yake inapoa.
Nikamweleza kwamba kwetu midomo hukaribiana tu, haifungi,
kwamba kati ya V na B kuna mahali,
na ndipo nilipozaliwa.
Hilo hakuliandika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nilipewa. Nikapalilia pamba za watu,
nikabeba chumvi ya Katwe hadi utosi ukaota sugu.
Siku ya alama za vidole mashine ilinikataa mara sita:
Haisomi. Vidole vyako havina mistari.
Mistari ninayo, mwanangu.
Niliiacha kwenye mpini.

Nimeambatisha kila kitu.
Hata ile orodha, mwaka Nyamwamba ulipoacha njia yake
ukapita jikoni kwangu na mawe makubwa kama ndama:
nambari sitini na moja, Kabugho, mkazi,
blanketi moja, maharage kilo tano.
Mkazi. Neno hilo nililitolea nakala mbili,
ya pili nikabaki nayo bila sababu.

Binti yangu Ithungu kitambulisho anacho, kwa haki ya marehemu babaye.
Juzi nimekikuta ndani ya beseni la nguo,
katika mfuko wa suruali, kimelowa.
Nikakianika juu ya dirisha
nikakaa kukilinda na kuku.

Simu ikilia kwa namba ngeni, koo hunikauka.
Ni mtu wa sola. Ni mtu aliyekosea.
Ni mteja: Mama Picha, umefungua leo?
Nimefungua. Niende wapi?

Jumanne ikalia nikiwa na mkasi mkononi.
Faili limeonekana, wakasema.
Niliketi juu ya galoni.
Lakini picha imezeeka, wakasema.
Lete mpya. Nyuma nyeupe.

Ya zamani ninayo nakala yake.
Mwanamke yule hana mvi, ana shingo,
anamtazama mtu kana kwamba jibu litatoka kesho.
Nilimwonea huruma kidogo, na wivu pia.

Basi leo nimekalia kigoda cha wateja.
Sikuwahi kujua kwamba kinayumba.
Muhindo, kijana wangu wa kazi, ameshika kamera kwa mikono miwili,
anaona haya kuniamuru.
"Mama, usicheke," anasema.
Sicheki.
"Tazama hapa."
Nyuma yake, juu ya mabati ya wilaya, mlima umejifungua mawingu,
mlima wote, na upande wa kule.
"Hapa, mama. Si pale."