Gari la Desemba

Mwaka ule nilipanda Marangu na Prado ya kukodi,
siku nne, laki nane, mafuta juu yangu.
Nikapiga honi tangu kona ya kanisani
hadi migomba ya baba ikashtuka,
watoto wakalikimbilia vumbi kama vile ni harusi.
Mama akaligusa boneti kwa ncha ya kanga:
"Anaeli mwanangu, Mungu ni mkubwa."
Sikumsahihisha.

Tarehe mbili Januari nikalirudisha Moshi.
Mwenyewe alilizunguka mara mbili,
akaukuta mkwaruzo mmoja, akanikata elfu sabini.
Nikatembea kutoka Mbuyuni hadi Majengo
na elfu tatu na mia mbili mfukoni,
kodi ya chumba ikinidai miezi miwili.
Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile.
Haukuhitaji honi.

Nilinunua daftari.
Sikuandika ndoto; ndoto nilikuwa nazo za kutosha.
Niliandika: chai, mia tano.
Niliandika: rangi ya viatu, elfu mbili.
Niliandika: bia mbili za Lyatuu, ili anione mtu.
Huo mstari niliukodolea macho hadi umeme ukakatika.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Hawaulizi kibaba changu kilitobokea wapi:
kilitobokea machoni pa watu.

Ndeshi wa meza ya jirani, pale Kiborloni,
hakunipa hotuba.
Ana kopo la maziwa ya unga chini ya meza;
kila kiatu kikiuzwa, kopo linakula kwanza.
"Lina njaa kunizidi," alisema,
akikitafutia kiatu cha kushoto mwenzake ndani ya robota.
Na siku isiyouzika?
"Nalitazama. Nalo linanitazama."

Kusema "ninacho" na sina, nilikuwa fundi.
Kusema "sina" na ninacho
kulinichukua miezi saba, na jasho.
Kadi ya harusi ya watu wawili niliirudisha,
nikachukua ya mmoja,
nikala wali peke yangu, nikarudi kwa miguu.
Shangazi hakunisalimu hadi Pasaka.
Hilo nalo nimeliandika, upande wa matumizi.

Usiniulize utajiri.
Nina meza mbili sasa, na kopo langu,
na usingizi ambao zamani niliusikia kwa wengine.
Kuna siku bado namtamani yule wa honi,
alivyoegemeza kiwiko dirishani.

Desemba hii nimepanda nyuma ya pikapu ya ndizi
iliyokuwa inarudi tupu,
nimekalia mabati kumi na mbili ya jiko la mama.
Hakuna mtoto aliyetukimbilia.
Mama akagonga bati la juu kwa kidole cha pete,
akalisikiliza, akaniangalia kwa muda:
"Na haya, yanarudi tarehe mbili?"

Nikaenda kutafuta nyundo.